Lori la Farasi Kutoka Nanyuki Hadi Kilifi: Huduma Nzuri Barabarani, Dhaifu Ofisini

Anayehama kikazi kutoka Nanyuki kwenda Kilifi hapati shida kumpata mtu wa kumbebea kabati na jokofu, lakini akiwa na farasi atagundua kwamba wenye malori yaliyojengwa kwa kazi hiyo ni wachache. Wengi wa niliowapigia simu wako Karen na Lang'ata, jijini Nairobi, karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, na kazi yao kubwa ni kuwapeleka farasi mashindanoni na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Kumteremsha mnyama kutoka chini ya Mlima Kenya hadi ukingoni mwa Bahari ya Hindi ni kazi ya namna nyingine kabisa. Nilimkabidhi farasi wangu kwa kampuni mojawapo, na tathmini hii inahusu huduma niliyopewa tangu simu ya kwanza hadi juma la kwanza baada ya kufika. Jina la kampuni nimeliacha, kwa sababu kasoro zake nyingi nimezisikia pia kwa wateja wa kampuni nyingine, na mwenye kuzijua anaweza kuziulizia popote atakapopiga simu.

Farasi mwenyewe anaitwa Shaba, jike mwenye umri wa miaka 14, wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, aliyekimbia Ngong ujanani kabla hajawa wangu. Ni mpole kwa watoto, anachukia miavuli, na ana tabia ya kuyasusia maji asiyoyajua. Wanaomwona farasi kama gari watasema kwamba kwa gharama ya kumhamisha ningeweza kumwuza na kununua mwingine huko huko pwani. Ushauri huo nilipewa na watu wengi, na sikuwa na haja nao.

Nianze na jambo lililonipa imani. Aliyepokea simu yangu ya kwanza hakukimbilia bei. Aliniuliza Shaba ana uzito gani, kama amewahi kuugua msokoto wa tumbo, hupanda lori kwa urahisi au kwa ubishi, hula nini na saa ngapi, na mara ya mwisho alichanjwa lini dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Swali hili la mwisho ndilo linalomtenga msafirishaji wa farasi na mtu mwenye lori tu. Ugonjwa huo huenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu ambao huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na farasi asiye na kinga anaweza kufa katika muda wa siku chache tu tangu homa ianze. Pundamilia hubeba virusi vyake pasipo kuonyesha dalili, kwa hiyo nchi yenye pundamilia wengi kama yetu haiwezi kuusahau. Chanjo hurudiwa kila mwaka na haitegemewi siku ile ile inapodungwa, hivyo anayepanga kuhama hana budi kuifikiria majuma kadhaa kabla ya kuwaza habari za lori. Kampuni ilikataa kunipa tarehe mpaka ilipoona kadi ya chanjo, na nikaipenda kwa ukali huo.

Baada ya hapo ofisi ilianza kulegea. Bei niliyoandikiwa ilikuwa laki moja na ushei kwa nafasi moja katika lori la farasi wawili, pamoja na gharama ya lori kurudi Nairobi likiwa tupu, jambo ambalo ni la haki kwa kuwa hakuna anayengoja Kilifi na farasi wa kupandisha. Kilichokuwa si cha haki ni kwamba malipo ya kumlaza farasi Karen usiku mmoja hayakutajwa popote katika makadirio hayo, nayo yakajitokeza kwenye ankara ya mwisho kana kwamba tuliwahi kuyazungumza. Kuhusu bima, nilihakikishiwa kwa simu kwamba "kila kitu kimekatiwa bima", lakini nilipoomba kuiona karatasi nilikuta ni bima ya kawaida ya mizigo iliyo safarini, na miongoni mwa vitu vilivyoachwa nje yake ni wanyama walio hai. Ilinibidi nitafute bima yangu mwenyewe. Mteja yeyote na aombe hati ya bima aisome mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho, wala asitosheke na neno la simu.

Kibali nacho kilikuwa na hadithi yake. Kumtoa mnyama kaunti moja kumpeleka nyingine kunahitaji kibali cha daktari wa mifugo wa serikali mahali anapotoka, na kampuni ilijitolea kulisimamia jambo hilo. Kibali kilipatikana kwa wakati, ila jioni ya kuamkia safari kampuni ilibadilisha lori bila kuijulisha ofisi ya mifugo, na namba ya gari iliyokuwa kwenye karatasi ikawa si ile iliyokuwa barabarani. Kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi tulisimama tukieleza, farasi wawili, Shaba na mwenzake wa safari, wakigonga sakafu kwa kwato nyuma yetu, mpaka kibali kilichosahihishwa kilipotumwa kwa simu. Askari walikuwa wastaarabu. Hata hivyo, hilo ni kosa ambalo mtu mmoja ofisini angeliepusha kwa kupiga simu moja tu.

Lori lenyewe lilinifurahisha kwa sehemu kubwa. Sakafu ilikuwa na mikeka ya mpira iliyomwagiwa maranda mengi, kuta zimewekewa sponji hadi kimo cha bega la farasi, na ubao wa kuwatenganisha wanyama haukufika chini kabisa, jambo ambalo humwezesha farasi kuitanua miguu na kujishika lori linapokata kona. Mlango wa kupandia ulikuwa mpana, wenye mteremko mdogo na vigingi vya kuzuia kuteleza. Juu kulikuwa na madirisha pande zote mbili, na kamera ndogo ilimwonyesha dereva yanayotokea nyuma, kwa kuwa hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa na farasi gari likiwa linakwenda. Ninalo lalamiko moja la rangi, nalo si la urembo. Lori limepakwa buluu iliyokolea, na buluu ndiyo rangi ambayo wataalamu hutengenezea mitego ya mbung'o kwa sababu wadudu hao huifuata. Kampuni inayopitisha wanyama katikati ya Tsavo ingefaa ichague rangi nyeupe.

Siku ya kupakia tulikuwa na saisi wangu, mzee wa Laikipia ambaye amewatunza farasi tangu ujana wake na ambaye, kwa bahati mbaya, hakutaka kuhamia pwani. Utingo wa kampuni, kijana mwenye nguvu na haraka, alianza kwa kumvuta Shaba kwa kamba ya kichwani. Mzee akamwambia, "Usimvute, kijana. Mwache alisome lori kwanza." Yule kijana hakubisha, aliilegeza kamba, akasimama kando, na Shaba akanusa mlango, akarudi nyuma, akanusa tena, kisha akapanda mwenyewe. Namsifu utingo kwa hili kuliko kwa jambo lolote jingine alilolifanya, kwa kuwa farasi aliyepandishwa kwa kipigo siku moja atawasumbua watu maisha yake yote yaliyobaki, na mwenye lori, anayelipwa kwa safari, mara nyingi hana subira hiyo.

Safari iligawanywa mara mbili, na mgawanyo huo ndio uliostahili fedha zangu. Sehemu ya kwanza, kutoka Nanyuki hadi Karen, ni ya kilomita zipatazo 200 na haina makuu: tulipita Karatina na Sagana, barabara ni nzuri, hewa ni ya baridi. Farasi walilala Karen kwenye mabanda safi, wakala wakiwa huru, wakainamisha vichwa. Neno hilo la kuinamisha vichwa linahitaji maelezo, maana wengi hulidharau. Farasi husafisha njia zake za hewa kwa kushusha kichwa, ili makamasi na vumbi vitiririke nje. Akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi, uchafu na vijidudu hushuka kifuani na kumletea homa ya mapafu, ambayo huweza kuonekana siku moja au mbili baada ya kufika, wakati kila mtu ameshapongezana. Hatari hiyo huongezeka sana safari inapozidi saa kumi au kumi na mbili bila mapumziko. Kampuni iliyokuwa na bei ndogo kuliko hii ilitaka kwenda Kilifi moja kwa moja kwa siku moja, na sikuirudia simu yao.

Kutoka Karen kwenda pwani ofisi ilikuwa imepanga tuondoke saa mbili usiku, kwa hoja kwamba usiku kuna ubaridi. Dereva alipinga mbele yangu. Alisema Barabara ya Mombasa usiku ni ya malori makubwa yanayopitana kwa ubabe, kwamba akilazimika kufunga breki ghafla mwenye kuumia ni farasi aliyesimama kwa miguu minne na hana cha kushika, na kwamba yeye ataondoka saa kumi alfajiri ili jua kali limkute Voi badala ya Emali. Alishinda. Tulichukua barabara ya mchepuko ya kusini wakati jiji limelala, tukapita mizani ya Mlolongo bila foleni, na kulipopambazuka tulikuwa karibu na Emali.

Uendeshaji wake ndio bora kuliko wote nilioushuhudia. Nilikuwa nyuma yake kwa gari langu, na niliona jinsi alivyoyaona matuta ya barabarani mapema na kuyapanda polepole, jinsi alivyokata kona kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa uji, na jinsi alivyoyaachia mabasi yapite bila kushindana nayo. Alisimama Emali, kisha Mtito Andei, ambapo ni karibu nusu ya njia ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, na kila aliposimama alitafuta kivuli, akafungua milango ya pembeni, akalegeza kamba ili farasi washushe vichwa hadi chini, akawapa maji. Majani yao makavu ya malisho, ya aina ya Boma Rhodes, yalikuwa yamelowekwa kwanza ili yasitoe vumbi. Maji yalitoka kwenye mitungi iliyojazwa Nanyuki, kwa ombi langu, kwa kuwa farasi mkubwa huhitaji lita 25 au zaidi kwa siku hata pasipo joto, na asipokunywa chakula humkaukia tumboni. Isitoshe, mwili wa farasi haumruhusu kutapika, kwa hiyo kinachoziba tumboni hakina njia ya kurudi. Shaba alikataa ndoo ya kwanza. Utingo akachanganya molasi kidogo, naye Shaba akaibwia kama mtoto mwenye soda.

Kutoka Mtito Andei hadi Voi hatukusimama hata mara moja, nami niliridhika nilipoelezwa sababu. Barabara hapo inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na mbung'o, ambao huwaletea farasi ugonjwa wa nagana, huvutiwa na gari linalopunguza mwendo. Dereva alifunga madirisha ya upande wenye vichaka, akaacha ya juu, na farasi wote wawili walikuwa wamepakwa dawa ya kufukuza wadudu kabla ya kuingia eneo hilo. Mambo haya hayamo kwenye tovuti ya kampuni wala kwenye makadirio ya bei. Yamo kichwani mwa dereva, na hilo lenyewe linanipa wasiwasi, kwa sababu siku akiacha kazi ataondoka nayo.

Sasa nifike Mariakani, ambako ndiko niliko na neno zito zaidi. Lori la farasi likiwa linakwenda huingiza upepo, na hata jua la Februari, ambalo pwani hupandisha joto kupita nyuzi 30, huvumilika. Likisimama juani, bati lake huwa tanuri, na pumzi na jasho la wanyama wawili wenye uzito wa karibu tani moja kwa jumla huongeza unyevunyevu mpaka jasho lenyewe halikauki tena. Ndiyo maana nasema huduma ya namna hii ipimwe lori linaposimama. Tulifika kwenye mizani saa saba na nusu mchana na kukuta foleni ndefu ya malori ya kontena, bila kivuli chochote. Ofisi haikuwa imempa dereva barua ya kueleza kwamba amebeba wanyama walio hai, haikuwa imepiga simu mbele, wala haikuwa na utaratibu wowote kwa jambo ambalo kila anayepita barabara hiyo anajua linaweza kutokea.

Waliotuokoa ni watu wawili wenye busara. Dereva alishuka, akatembea hadi kwa maafisa wa mizani, akawaomba waje wajionee wenyewe. Utingo alibaki akiwamwagia farasi maji shingoni na mapajani, akiyakwangua yaliyopata moto na kumwaga mengine, bila kuacha. Shaba alikuwa ameloa, pua zimetanuka, anapumua mbio. Maafisa walikuja, wakaangalia, wakaturuhusu tupite mbele ya foleni. Ninawashukuru. Lakini uhai wa mnyama haupaswi kutegemea kwamba dereva ni mjasiri na afisa ana huruma, na kampuni inayotoza fedha hizi ingeweza kununua feni mbili za betri na kuandika barua moja. Nilipowaandikia baadaye walinijibu kwa adabu kwamba "wamelichukua", neno ambalo katika ofisi zetu lina maana nyingi.

Kutoka Mariakani tulikata kushoto kupitia Kaloleni, minazi ikaanza kuonekana, na tukatokea Mavueni karibu na Kilifi pasipo kugusa msongamano wa Mombasa. Nyumbani alitungoja saisi mpya, kijana wa Kigiriama niliyemwajiri kwa maelekezo ya jirani. Alimtazama Shaba akishuka, akasema, "Poleni na safari, mama. Huyu tumpeleke kivulini kwanza, maji yatamfuata huko huko." Dereva alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumkabidhi kamba.

Kampuni hutoa karatasi ya maelekezo ya siku za kwanza, na sehemu yake ya jumla ni nzuri: mpime joto asubuhi na jioni, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mpunguzie nafaka, mtembeze kwa kamba bila kumpanda mgongoni, mwite daktari akikohoa, akikataa chakula au joto likipanda. Shaba alikuwa na nyuzi 39 jioni ya kufika, zikashuka usiku huo huo, na meneja alinipigia simu kuuliza hali yake siku mbili mfululizo, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo linastahili kutajwa. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo imeandikwa kana kwamba farasi wote huhamia Karen. Haisemi lolote kuhusu mchanga wa pwani, ambao farasi anayelishwa chini huumeza kidogo kidogo hadi ujae tumboni na kumletea msokoto, kwa hiyo alishwe kwenye hori. Haisemi kwamba maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi na mgeni huyasusia. Haitaji pia kwamba farasi aliyezoea baridi ya mita 1,900 juu ya bahari anaweza, katika joto lenye unyevu, kupoteza uwezo wa kutoa jasho, na dalili yake ni ngozi kavu kwa farasi anayehema wakati wenzake wameloa. Haya nilielezwa na daktari wa mifugo wa huku, na kampuni ingeweza kuyaongeza katika karatasi yake kwa aya moja.

Shaba ameanza kunywa maji ya Kilifi bila molasi. Ameishi vizuri na yule mwenzake wa safari, farasi dume mzee aliyehasiwa, aliyeshukia shamba la jirani, na mchana hulala chini ya mwembe kama mzaliwa wa hapa.

Kwa dereva na utingo natoa nyota tano, na kama ningeweza kuwaajiri bila ofisi yao ningefanya hivyo. Kwa ofisi natoa mbili, moja ikiwa ya yale maswali ya mwanzo na nyingine ya simu za mwisho. Nitaitumia tena kampuni hii kwa masharti matatu yatakayoandikwa: namba ya lori isibadilike baada ya kibali kutolewa, gharama za kulala ziwemo katika makadirio, na pawepo barua ya mizani. Uhamisho wangu wa kikazi haukunipa nafasi ya kuchagua mwezi, lakini mwenye nafasi hiyo aikwepe kaskazi na aweke tarehe yake wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, ambapo pwani ina upepo na joto limepungua. Awapigie simu mapema, kwa sababu lori lenye madirisha pande zote mbili ni moja tu, na ukichelewa utapewa lile la zamani lenye turubai.